Gareji ya kabureta huku Kirinyaga Road, nyota 3 kwa 5 (mzee fundi angekuwa peke yake ningempa zote)

Nilipeleka Ford Mustang ya mjomba hapo, ya 1967, V8 (silinda nane) ile ya inchi 289 za ujazo. Tunaitayarisha kukimbia na magari ya zamani na kusema ukweli nimechoka, lita 4.7 nzima halafu unaachwa kona na Datsun 160J, aibu gani hii.

Shida ilikuwa moshi mweusi na kukohoa ukikanyaga. Mafundi wawili walishaniambia nifungue injini yote, pesa ndefu. Mzee hapa hata hakushika spana kwanza, akasikiza tu, akachomoa plagi moja, nyeusi kama sufuria ya githeri, akaniuliza kabureta nimetoa wapi. Holley mpya ya Marekani, nikamwambia. Akacheka ati "kijana, hiyo imepimiwa watu wa baharini." Na ni kweli, Nairobi tuko kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi lakini jeti (vile vitundu vya kabureta vya kupitisha petroli) zinamwaga petroli ile ile. Akashusha jeti saizi 2, taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche) akaigeuza kwa sikio, kwisha. Elfu 6. Nguvu yote ya huko usawa wa bahari hutaipata hapa lakini sasa ukikanyaga inaitika.

Na hadithi anazo! Vile mbio za magari za Trans-Am huko Marekani zilianza 1966, sheria ikasema injini isipite lita 5, ndio Chevrolet wakaleta Camaro Z/28 ya inchi 302 za ujazo (karibu lita 5), wakagusa mpaka kabisa bila kuvuka. Anasimulia kama alikuwepo.

Sasa ubaya. Niliacha gari ilale wabadilishe waya za plagi, mzee akaenda matanga ushago, kazi ikaachiwa kijana mmoja aliyeangalia kwa simu mpangilio wa silinda kuwaka akapata ya Chevrolet, 1-8-4-3-6-5-7-2, wakati Ford hii inapiga 1-5-4-2-6-3-7-8 na hata silinda zenyewe hazihesabiwi sawa. Ilipiga mlio kwa egzosi mama wa chai akaangusha thamosi. Kijana akanilaumu mimi eti petroli chafu. Mzee aliporudi alirekebisha bure kwa dakika 10 na akaomba msamaha, hiyo namheshimu, lakini siku 3 zangu zilishaenda na mbio nikakosa.

Ukienda, piga simu kwanza uulize kama mzee yuko, na zile waya ziandike namba kwa tepu kabla uache funguo.