ThinkPad X220 au X230: ipi ya kununua?

Zote ni kompyuta mpakato za Lenovo zenye kioo cha inchi 12.5, nafasi mbili za RAM (kumbukumbu) ya DDR3 na betri inayochomoka bila bisibisi. Ugomvi wa mashabiki ni kibodi. X220 ya 2011 ina ile ya zamani yenye safu saba. Vitufe vimebonyea katikati, na Delete ni kubwa. X230 ya 2012 ina safu sita, vitufe bapa na, kwa baadhi, taa chini yake.

Wapo wanaotaka vyote: kibodi ya X220 ndani ya X230. Inawezekana, ila si kazi ya kuchomeka tu. Vijino vya ukingo wa chini hukwanguliwa ili ikae, na pini za taa kwenye kiunganishi hufunikwa kwa utepe, la sivyo umeme unaweza kugusana. Kisha programu ndogo inayoendesha kibodi hurekebishwa, maana baadhi ya vitufe hufanya kazi zisizo zake. Baiosi (programu inayoiwasha kompyuta) mpya huzuia marekebisho hayo, kwa hiyo usiisasishe kwanza.

Kwa kasi, X230 inashinda: ina USB 3.0, ambayo kwa X220 ipo kwenye zenye prosesa ya i7 pekee. Lakini X230 hukataa kuchaji betri zisizo halisi. Diski iwe ya unene wa milimita 7. Ukibadilisha kadi ya Wi-Fi ukaona kosa 1802, kadi haijaharibika. Baiosi huikataa kwa kuwa haimo kwenye orodha yake ya kadi zinazoruhusiwa, na X220 nayo ina ukaidi uleule.

Kwa anayeandika sana, X220 bila kusita, kwa ajili ya kibodi.