Ndege au Meli: Kuchagua Njia ya Kusafirisha Mzigo Kutoka Nchi Hadi Nchi

Kabla ya kumuuliza wakala kilo moja kwa ndege ni bei gani, jiulize mwenyewe: bidhaa yangu ikijaza mita moja ya ujazo, yaani CBM moja, itakuwa na kilo ngapi? Jibu hilo ndilo linalopanga orodha hii ya njia nne, kwa sababu ndege na meli hazipimi mzigo kwa mzani mmoja.

Shirika la ndege hulinganisha uzito wa mzani na uzito wa ujazo, kisha hutoza ule mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu kugawa kwa 6000. Kuria, yaani kampuni za kupeleka vifurushi kwa haraka, nyingi hugawa kwa 5000. Melini, kwa mzigo wa kushea kontena, CBM 1 huhesabiwa sawa na kilo 1000. Kwa hiyo mita moja ya ujazo ikipanda ndege utailipia walau kilo 167, hata kama ni sponji tupu.

Chukua boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Kwa ndege ni kilo 20, kwa kuria ni kilo 24, melini ni CBM 0.12. Ukiweka midoli ya manyoya ya kilo 9, utalipia kilo 11 za hewa. Ukiweka beringi za kilo 35, utalipia 35 na hakuna kilichopotea. Sasa lijaze boksi hilohilo kupita kiasi mpaka litune. Mpimaji ghalani huweka tepu pale palipotuna, hasomi vipimo vilivyochapwa ubavuni. Likitoka 63 kwa 53 kwa 43, linakuwa karibu kilo 24. Kwa maboksi 50, hizo ni kama kilo 200 za ziada, na bidhaa ni ileile.

Kwa anayeagiza bidhaa zisizooza na asiye na haraka ya kufa na kupona, tunazipanga hivi.

1. Kushea kontena

Inafaa kuanzia CBM 1 hadi 13 hivi. Chini ya CBM 1 mawakala wengi hutoza CBM 1 kamili, kwa hiyo mwenye 0.4 analipia nafasi asiyoitumia. Muda wa safari unaotajiwa ni wa meli, si wa mzigo wako: ongeza siku za kusubiri kontena lijae, na siku za kulifungua na kugawa mizigo upande wa pili. Mmoja wenu akikosea karatasi zake, au forodha ikitaka kulikagua kontena, wote mnangoja.

Mtego mkubwa uko kwenye bei yenyewe. Nauli ya baharini inaweza kutajwa kuwa ndogo mno, hata sifuri, kisha gharama zote zikarudi kwako bandarini kwa majina mengine: kufungua kontena, kuhudumia mzigo, hati, ghala. Dai orodha ya gharama za bandari ya mwisho, kwa kila CBM, kwa maandishi, kabla mzigo haujapokelewa ghalani. Wakala anayesema "utaziona ukifika" mwache.

Maboksi yako yatalaliwa na ya wengine, basi tumia paleti. Za mbao ziwe na mhuri wa ISPM 15, unaoonyesha mbao zilitibiwa dhidi ya wadudu, mathalani kwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30. Bila mhuri, mzigo unaweza kuzuiwa au kurudishwa.

2. Kontena zima

Ukifika CBM 13 hadi 15, omba bei zote mbili. Mara nyingi kontena zima la futi 20 hushinda hata likibaki na nafasi. La futi 20 lina CBM 33 kwenye karatasi, lakini maboksi hayajipangi kama maji. Panga 25 hadi 28. La futi 40 lenye kimo kirefu (high cube) lina 76, panga 65 hadi 68. Vigae, vyuma na mashine hujaza uzito kabla ya nafasi, na kontena la futi 40 halibebi uzito mara mbili ya lile la 20. Kwa mzigo mzito, la 20 linatosha.

Kinachoumiza hapa ni siku. Kontena likikaa bandarini kupita siku za bure, unatozwa. Ukilitoa ukachelewa kulirudisha tupu, unatozwa tena kivyake. Chanzo cha kawaida ni BL halisi (hati ya meli ya kutolea mzigo) iliyochelewa kufika. Ukishamaliza kumlipa muuzaji, mwombe atoe telex release, yaani idhini inayotumwa kwa njia ya kielektroniki, ili mzigo utoke bila karatasi hiyo.

3. Ndege, mzigo wa kawaida

Inafaa kwa vitu vidogo vizito vya thamani, na vipuri ambavyo kukosekana kwake kunasimamisha kazi. Kumbuka kwamba nchi nyingi hukokotoa ushuru juu ya bei, bima na nauli kwa pamoja, kwa hiyo nauli ya ndege inapandisha na ushuru. Marekani ni tofauti. Haihesabu nauli ya kimataifa.

Betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria tangu 2016. Zikipanda ndege za mizigo, chaji isizidi asilimia 30. Kuziandika "vifaa vya simu" ili zipite ni kutafuta mzigo ukamatwe.

4. Kuria

Chini ya kilo 30 hivi, kwa sampuli na hati tu.

Kwa njia yoyote, kata bima, kwa kawaida asilimia 110 ya thamani ya bidhaa pamoja na nauli. Bila bima, chini ya Mkataba wa Montreal, wa usafiri wa ndege wa kimataifa, fidia ina kikomo cha SDR 26 kwa kilo (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), kiwango kilichoanza Desemba 28, 2024. Kwa simu za mkononi hicho ni kichekesho. Mzigo wa ndege ulioharibika una siku 14 za kulalamika kwa maandishi. Wa meli, kwa uharibifu usioonekana kwa nje, siku 3 chini ya Kanuni za Hague-Visby, za kimataifa za usafirishaji wa baharini. Unapopokea, usisaini "umepokelewa salama" kabla ya kuzunguka paleti. Andika kwenye karatasi ya makabidhiano: boksi la 4 limelowa, la 11 limefunguliwa na kubandikwa upya. Piga picha, kisha saini.