Orca na eSpeak kwenye Linux: sauti ikikatika, nani atakusomea?

Mimi sioni. Laptopu yangu inaendeshwa na Linux, programu ya Orca inanisomea skrini kwa sauti ya eSpeak NG, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, na juzi kati, baada ya kuapdeti, iliwaka kimya. Nikabonyeza Super (kile chenye nembo ya Windows), Alt na S, vitufe vya kuiamsha Orca. Kimya. Kama kulikuwa na ujumbe wa hitilafu, basi uliandikwa hapo hapo kwenye skrini nisiyoiona. Kinachoharibika ndicho ambacho ungekitumia kujitengenezea!

Nikaenda Kariakoo na mpwa wangu. Fundi akaiwasha, akamgeukia mtoto: "Dogo, mwambie mjomba wako mashine nzima, picha inaonekana vizuri." Nami nimesimama mbele yake. Nikamweleza kwamba Orca haina sauti yake yenyewe, maneno inayapeleka kwa programu ya kati, speech-dispatcher, nayo ndiyo inayoipa eSpeak iyatamke, kwa hiyo aanzie hapo. Hakunijibu. Akamwambia tena mtoto: "Ipigeni Windows tu, Linux si ya watu kama yeye."

Watu kama mimi! Hiyo Windows anayotuelekeza, wengi wetu tunaisoma kwa NVDA, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye haoni. Na inakuja na eSpeak NG hii hii. Tukabeba laptopu yetu tukaondoka.

Nyumbani mpwa akanisomea terminali, dirisha la kuandikia amri, neno kwa neno mpaka tukaona sasisho limeiondoa moduli ya eSpeak, kile kipande kinachoiunganisha na speech-dispatcher. Tukairudisha, ikasema.

Nilikuwa nimekusudia kuwaambia msiiguse Linux. Siwezi. Sauti ya eSpeak ni kavu, wageni wakiisikia wanaguna, lakini inasoma Kiswahili, na hata nikiikimbiza sana kila silabi naipata. Debian nayo, mojawapo ya matoleo ya Linux, ukiwasha diski ya kusakinishia, unabonyeza S kisha Enter, inaanza kuongea, unausimika mfumo mwenyewe bila kuazima macho ya mtu. Raha hiyo sijaipata kwingine.

Lakini asubuhi ile ya kimya sijaisamehe, na mtu anayeishi peke yake simshauri aitegemee laptopu moja tu. Ninyi mnaotoa masasisho, kabla ya kuyaachia zimeni skrini zenu, halafu jaribuni kuingia.