Miaka minne na studio yangu ya International City, Dubai

Tangu habari ienee mtaani kwamba nina nyumba Dubai, haipiti wiki bila mtu kuja dukani kwangu Kariakoo na swali lile lile: dada, ile nyumba inalipa? Naandika yote hapa mara moja, pamoja na hesabu zake, maana siwezi kulijibu vizuri huku namtafutia mteja chenji.

Nauza taa. Tangu 2011 nafuata mzigo Dubai mara mbili au tatu kwa mwaka, na sehemu kubwa naitoa Dragon Mart, lile soko la Wachina lenye umbo la joka kwenye barabara ya kwenda Hatta. Ukitoka hapo tu unaingia International City: majengo ya ghorofa chache, mtaa baada ya mtaa, yamepewa majina ya nchi, China, Ufaransa, Ugiriki, Morocco, Uajemi. Nilizoea kufikia huko kwa wenyeji wangu ili nisilipe hoteli ya Deira. Kwa hiyo kabla sijafikiria kununua nilikuwa nimelala pale usiku mwingi. Nilijua upepo ukigeuka harufu ya mtambo wa majitaka wa Al Awir inakufuata hadi jikoni. Nilijua wapangaji wa pale ni watu wa mishahara midogo na ya kati, wanaohama inapopatikana ya nafuu zaidi, na kwamba nyumba haikai tupu muda mrefu.

Novemba 2021 nikanunua studio, yaani chumba kimoja chenye jiko na choo ndani, ghorofa ya pili, kwenye jengo lililokwisha kujengwa na kukaliwa miaka mingi. Bei dirham 255,000. Juu yake Idara ya Ardhi ya Dubai inachukua asilimia 4, yaani 10,200. Dalali asilimia 2 na VAT yake, 5,355. Ofisi ya kusajili uhamisho 2,100, hati 580. Jumla ikanitoka 273,235, ambazo kwa wakati ule zilikuwa kama shilingi milioni 172. Wanaokutajia bei ya nyumba peke yake wanakuficha hizo elfu kumi na nane.

Kununua kwenyewe nakusifia kwa moyo wote. Nimewahi kununua kiwanja Bunju, nikalipa mbele ya mjumbe na mashahidi, na miezi saba baadaye akatokea mtu wa tatu na karatasi yake. Kule tulikaa mezani, mimi, muuzaji na karani. Karani akasoma pasipoti, akapokea hundi ya benki, akaandika. Kabla ya adhuhuri nilikuwa na hati yenye jina langu. Nililia kwenye teksi. Sheria inayomruhusu mgeni kumiliki moja kwa moja katika maeneo yaliyotengwa ni ya 2006, na International City ni mojawapo ya maeneo hayo. Kilichonichosha ni akaunti ya benki. Bila akaunti ya kule huwezi kupokea hundi za mpangaji, na kwa asiye mkaazi walitaka karatasi za biashara yangu hadi za miaka ya nyuma. Wiki tano zikaisha.

Sasa nyumba yenyewe. Mwaka wa kwanza ilipangishwa kwa 21,000 kwa mwaka, kwa hundi nne. Ada ya matunzo ya jengo 5,000, na hiyo unalipa hata nyumba ikiwa tupu. Kampuni ya kunisimamia asilimia 5, sawa na 1,050. Kiyoyozi kikafa Julai, 1,900. Zikabaki 13,050, yaani asilimia 4.8 ya nilichotoa. Mwaka niliponunua, 2021, hati fungani ya serikali yetu ya miaka 25, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, bila kiyoyozi wala mpangaji. Wanaosema nyumba ya nje inashinda kila kitu waanze na hesabu hiyo.

Halafu kampuni ile ya usimamizi. Siitaji jina. Walikuwa wananitumia ujumbe mzuri kila mwezi: mpangaji yupo, hana shida. Februari 2023 nilipofuata mzigo nikapita pale bila kutoa taarifa. Nikabisha. Aliyefungua ni kijana wa Kiganda, akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Karibu mama." Ndani kulikuwa na vitanda vitatu vya deka, watu sita, nguo zimeanikwa kwenye kamba kutoka dirishani hadi mlangoni, na sufuria chini ya vitanda. Aliyesaini mkataba hajawahi kulala pale hata siku moja. Alichukua nyumba nzima na kuuza kitanda kitanda. Kila mmoja wa wale vijana alikuwa analipa kwa mwezi, na jumla ya malipo yao ilizidi sana pango langu.

Mama yangu, nilipomwambia nanunua nyumba Dubai, alisema neno moja tu: fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku ile nilimwelewa.

Sheria ya Dubai inampa mwenye nyumba haki ya kumtoa mpangaji anayepangisha wengine bila idhini yake, na watu wa jengo walinishauri niite wahusika siku hiyohiyo. Sikuita. Wale vijana wangelala wapi, na wao walikuwa wameshalipa? Niliwapa hadi mwisho wa mwezi, nikavunja mkataba na yule mtu, nikaachana na kampuni. Kuna mwenyeji wangu, mama wa Kizanzibari aliyeishi kule miaka mingi, ndiye anayeniangalizia sasa kwa asilimia ileile. Anaingia ndani kila baada ya miezi mitatu na kunipigia simu ya video, chumba, jiko, choo. Ili aweze kusaini kwa niaba yangu ilibidi niandike hati ya uwakilishi, ithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wao hapa Dar es Salaam, itafsiriwe Kiarabu. Hilo lifanyeni mapema, msingoje matatizo.

Aprili 2023 wakaingia muuguzi kutoka Kerala, India, na mumewe, kwa 26,000. Mwaka uliofuata nilitaka kupandisha, nikawaambia mwezi mmoja kabla. Mume, kwa adabu kabisa, akanionyesha kifungu: mabadiliko ya pango yanatakiwa yatolewe taarifa siku 90 kabla ya mkataba kuisha. Pango likabaki palepale. Na hata ukiwahi, hupandishi utakavyo. Kuna faharasa ya serikali, yaani kipimo rasmi cha pango la soko kwa eneo lako: kama pango lako liko chini ya soko kwa asilimia 10 au pungufu, hupandishi chochote, na ukomo wa juu kabisa ni asilimia 20 kwa lile lililo chini ya soko kwa zaidi ya asilimia 40. Mimi 2025 niliruhusiwa 15, ikawa 29,900. Hata kumtoa mpangaji ili uuze kunataka notisi rasmi ya miezi 12. Sioni ubaya. Mimi mwenyewe ni mpangaji wa fremu Kariakoo, na ningelala usingizi kama tungekuwa na sheria hiyo huku.

Mvua ya tarehe 16 Aprili 2024, ile iliyosimamisha hata uwanja wa ndege, ilijaza maji sehemu ya kuegesha magari ya jengo letu kwa siku kadhaa na kuua lifti. Ndiyo sababu ada ya matunzo ikapanda hadi 5,300.

Kwa 2025, basi: 29,900, toa 5,300, toa 1,495 za mwangalizi. 23,105. Asilimia 8 na nusu hivi. Studio nyingine ya jengo letu imeuzwa 400,000, na mstari mpya wa metro, wa buluu, wenye stesheni mtaani kwetu, umepangwa kufunguliwa 2029. Madalali wanapiga simu. Ila sijauza, hivyo hiyo tofauti siihesabu kama hela yangu. Waliokuwepo mwishoni mwa 2008 waliona bei zikianguka karibu nusu ndani ya muda mfupi, na kuanzia 2014 zilishuka pole pole kwa miaka.

Faida yangu kubwa iko kwingine, na hapa ndipo ninapotaka wanaoniuliza wasikilize. Pango linaingia kwa dirham na mimi nalitumia kwa dirham, Dragon Mart. Dirham imefungwa kwenye dola, 3.6725, tangu 1997. Mwaka 2023 dola zilipoadimika Tanzania, wenzangu walipanga foleni benki wiki mbili, mimi nilinunua taa kwa hela ya pango. Kontena lile ndilo lililonibakishia wateja wangu wa Morogoro na Dodoma. Asiye na matumizi ya dirham hapati faida hiyo. Yeye anageuza kila mara, na shilingi ina mambo yake: mwishoni mwa 2024 ilitoka karibu 2,700 kwa dola hadi chini ya 2,400 ndani ya miezi michache, na mwenye pango la nje akaona kipato chake kinapungua bila mpangaji kukosa kulipa hata siku moja.

Dubai hawakukati kodi ya mapato kwenye pango la mtu binafsi. Sisi wakaazi wa Tanzania tunatozwa kwa kipato chetu chote, hata cha nje, kwa hiyo mimi nimeiandika TRA. Na studio kama yangu haikupi ukaazi wa miaka 10. Ule unaanzia nyumba ya dirham milioni 2.

Kuhusu wale madalali wa nyumba za Dubai wanaokuja kwenye hoteli zetu na picha za majengo ambayo bado ni mchanga: shemeji yangu alilipia malipo ya kwanza palepale hotelini, kwenye akaunti ya dalali. Sheria ya 2007 inataka hela ya nyumba isiyojengwa iingie kwenye akaunti maalumu ya mradi inayosimamiwa, na ununuzi usajiliwe Idara ya Ardhi. Mradi unaweza kuukagua mwenyewe kwenye Dubai REST, programu ya simu ya Idara hiyo, kabla hujatoa senti. Yeye alikagua baada ya kulipa, na jina lake halikuwepo popote. Miezi kumi na nne sasa anafuatilia, na ada ya watoto imekopwa. Nikimwona msibani au harusini, hatulizungumzi.

Kwa hiyo studio naipa nne kati ya tano, mauziano tano, kampuni ile ya kwanza moja. Ningenunua tena? Palepale, ndiyo, kwa sababu napita pale mara mbili au tatu kwa mwaka. Mji nisioufikia, hapana, hata kwa nusu ya bei.

Notisi ya siku 90 safari hii nimeiwahisha. Faharasa inaniruhusu asilimia 10, nimeomba 5. Yule muuguzi amejifungua Januari, mtoto wa kike, na picha ya kwanza walinitumia mimi kabla sijawauliza.