Misa Zote za Josquin katika Albamu Tisa

Kundi la waimbaji la Tallis Scholars la Uingereza, lililoanzishwa na Peter Phillips mwaka 1973, lilianza kurekodi misa za mtunzi Josquin des Prez katikati ya miaka ya 1980, likaikamilisha kazi hiyo mwaka 2020 chini ya lebo yake lenyewe, Gimell. Misa hizo ni 18, zimegawanywa katika albamu tisa, na kila albamu inaweza kununuliwa peke yake. Mnunuzi afahamu mapema kwamba hizi si kazi zote za mtunzi huyo, kwa kuwa moteti zake nyingi, yaani nyimbo za kidini zisizo misa, na nyimbo zake za Kifaransa hazimo. Hata hivyo, anayetaka kujua kwa nini Josquin, aliyefariki mwaka 1521, aliheshimiwa kuliko watunzi wengine wa kizazi chake, atalipata jibu humu: maneno ya Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus na Agnus Dei ni yale yale katika misa zote, na bado ni vigumu kupata mbili zilizojengwa kwa namna moja.

Albamu ya mwisho, yenye Missa Hercules Dux Ferrarie, ndiyo ningemshauri mwanakwaya wa kwetu aanze nayo. Josquin alichukua irabu za jina na cheo cha Ercole wa Kwanza, mtawala wa Ferrara huko Italia, akazigeuza kuwa noti za solfa: re, ut, re, ut, re, fa, mi, re. Ut ya wakati ule ndiyo do yetu, kwa hiyo anayesoma solfa kila Jumamosi mazoezini ataandika r d r d r f m r na kuimba papo hapo. Sauti ya tatu huzirudia noti hizo nane karibu misa nzima, mara taratibu, mara kwa kasi, huku sauti nyingine zikisuka juu na chini yake, hadi katika Agnus Dei ya mwisho sauti nne zinapoongezeka kuwa sita. Mtawala alisifiwa ipasavyo, na gharama yake haikuwa ndogo: mwaka 1502 wakala wake alimwandikia kwamba mtunzi mwingine, Heinrich Isaac, angetosheka na dukati (sarafu za dhahabu) 120 ilhali Josquin anataka 200, na kwamba Josquin hutunga vizuri zaidi, ila hutunga anapotaka yeye. Akaajiriwa Josquin. Albamu hii ilichaguliwa na jarida la BBC Music Magazine kuwa rekodi bora ya mwaka 2021, na sioni sababu ya kubishana na uamuzi huo.

Missa Pange lingua, iliyoufungua mfululizo huu, itawafikia kwa urahisi Wakatoliki, kwa sababu wimbo wake wa msingi ni ule ule wa Alhamisi Kuu, ambao beti zake za mwisho ni Tantum ergo. Misa mbili zinazotumia L'homme armé, wimbo wa Kifaransa wa enzi hizo, zinadai subira zaidi. Katika Agnus Dei ya mwisho ya ile iitwayo sexti toni, sauti mbili za chini hugawana wimbo huo, moja ikiuimba kwenda mbele na nyingine ikiuimba kurudi nyuma, wakati sauti za juu zinafuatana kwa karibu sana. Ufundi huo hausikiki kupitia spika ya simu. Tumia visikizi vizuri, la sivyo sauti za kati zitamezwa na utabaki na soprano peke yake.

Uimbaji wenyewe ni safi mno, bila kinanda wala ala yoyote, kwa kawaida waimbaji wawili kwa kila sauti. Sauti ya juu inaimbwa na wanawake, jambo ambalo halikuwapo katika makanisa ya enzi ya Josquin, lakini masikio yangu hayakulalamikia hilo. Ninacholalamikia ni kwamba usafi huo wakati mwingine hupunguza uchungu wa maneno. Crucifixus, sehemu ya Credo inayotaja kusulubiwa, hupita kwa utulivu ule ule uliotumika kwa sifa za Gloria, na msikilizaji aliyezoea kwaya inayosisitiza neno hadi walio nyuma ya kanisa waguswe ataona kuna kitu kimezuiwa.

Zipo pia misa ambazo wataalamu wanabishana kama kweli ni za Josquin, zikiwemo Mater Patris na Di dadi. Phillips amezirekodi, uamuzi ulio sahihi kwa mradi wa aina hii, na pamoja na Mater Patris ameweka Missa Da pacem, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya Josquin kabla ya kurudishwa kwa mtunzi Noel Bauldeweyn. Albamu hiyo inaweza kusubiri. Kama bajeti inaruhusu mbili tu, nunua Hercules na Pange lingua, kisha ile yenye misa ya Malheur me bat fedha zikipatikana.