Google Calendar kwa timu ya programu iliyotawanyika

Kwa timu yenye watu Nairobi, Tel Aviv na San Francisco, kalenda hii inafaa sana, mradi muirekebishe. Kosa kubwa ni kuufunga mkutano wa kila wiki kwenye majira ya San Francisco: saa 3 asubuhi kule ni saa 1 usiku Nairobi, lakini Wamarekani wakirudisha saa nyuma mwezi Novemba, mkutano huohuo unaangukia saa 2 usiku, watoto wakiwa mezani. Fungua tukio, chagua majira ya Nairobi. Kisha kila mtu ajaze saa zake za kazi; Israeli wiki huanza Jumapili. Inasikitisha kwamba kipengele hicho humwonya tu mwitishaji, hakimzuii. Nyota 4 kati ya 5.