Taa ya kukuambia badili gea: kazi yenyewe iko chini ya kapeti

Wadau wa magari, habari za saa hizi. Niko nyumbani, Nzuguni hapa Dodoma, mlango wa Subaru Impreza yangu uko wazi na kiti cha abiria nimekirudisha nyuma mpaka mwisho. Leo tunaongelea hii taa. Inaenea kiganjani. Injini ikifika kwenye mizunguko uliyoipangia, inawaka, nawe unabadili gea bila kushusha macho kwenye dashibodi. Nina wiki tatu nayo na naipenda. Ila kwenye boksi lake kuna kitu nitakitupa mbele yenu.

Taa inataka nyaya tatu tu: umeme unaokuja ukiwasha swichi, hasi ya bodi, na waya wa mizunguko. Huo wa tatu ndio wenye kazi, maana unatoka kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Kwenye Impreza kama hii ya usukani wa kulia, kontroli boksi imelala chini ya kapeti, pale abiria wa mbele anapoweka miguu. Vua hasi ya betri kwanza. Funua kapeti kuanzia mbele, utakuta bamba la chuma, nati zake spana namba 10. Oneni hili vumbi! Jekundu, laini kama unga, limejaa mpaka kingo za soketi. Usichomoe soketi kabla hujapuliza vizuri, likiingia kwenye pini umejitafutia ugonjwa mwingine. Na vijana wanaoosha gari kwa kumwaga ndoo ndani, waambieni huku ni kitambaa tu.

Sasa waya ni upi? Rangi isikudanganye. Tafuta mchoro wa mwaka na injini ya gari lako, kwa sababu pini zinahama toka toleo moja hadi jingine. Kisha rudisha betri, washa injini, hakikisha kwa testa inayopima hezi, yaani mapigo kwa sekunde. Silinda nne zinatoa mapigo mawili kila mzunguko mmoja. Kwa hiyo kwenye sailensi, injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, ya mizunguko 750 kwa dakika unatarajia hezi 25, na ukikanyaga mafuta mpaka 3,000 unatarajia 100. Wangu ulipopanda vile, nikajua ndio huu. Ile balbu ya kupimia yenye sindano iacheni kabisa hapa: inavuta umeme mwingi, na inaweza kuiua kontroli boksi.

Haya, kitu chenyewe cha kutupa ni hiki kibanio cha plastiki cha kuunganishia nyaya. Karatasi ya maelekezo inasema ubane tu, kimekwisha. Hapana! Ndani kina kisu. Gari langu la zamani lilifungwa alamu kwa vibanio kama hivi, kisu kikala nusu ya nyuzi za waya wa swichi. Rasta na matuta yakamalizia zilizobaki. Gari likazima usiku, tumeshapita Gairo, watoto wamelala nyuma. Sijausahau ule usiku. Basi nendeni hivi: menya ganda la waya kama sentimita moja bila kugusa nyuzi, zungushia waya wako, chomelea kwa risasi, funga tepu, halafu ufungie pamoja na wenzake usining'inie. Umeme wa taa chukua kwenye boksi la fyuzi, si hapa, na weka fyuzi ndogo ya ampea 2. Taa hii imekuja bila fyuzi, na hilo silisamehe.

Taa yenyewe iko vizuri. Jua la saa saba mchana la hapa kwetu unalijua, na bado naiona. Usiku inachoma macho, hakuna pa kuipunguza. Nimebandika kipande cha tepu nyeusi, nikaacha upenyo mwembamba. Kuipanga ni rahisi: chagua silinda 4, kisha idadi ya mizunguko. Kwa injini yangu ninayoifahamu mpaka mwisho wake, nimejaribu 6,500, inawaka papo hapo.

Lakini siku nyingi iko 2,500, kwa ajili ya mdogo wangu anayejifunza manyuo, gari la gea za mkono. Alikuwa anaikokota gea ya pili mpaka injini inalia, mafuta yanaisha. Jana ametoka hapa mpaka Kisasa na kurudi, nimekaa pembeni yake kimya. Taa imewaka mara moja tu.